Jina kwenye kioo cha simu linatoka wapi?

Mdogo wangu aliniuliza simu za mezani za wodini kwetu zinajuaje jina la anayepiga. Jibu lina historia yake, nami nimeona niwaandikie wote.

Zamani simu ikilia ulikuwa huna la kufanya ila kuinyanyua na kuuliza, "Haloo, nani mwenzangu?" Mwaka 1968 Mgiriki Theodore Paraskevakos alianza kutafuta njia ya kupitisha data kwenye waya wa simu. Mwaka 1976 Mjapani Kazuo Hashimoto akaunda kifaa cha kuonyesha namba ya mpigaji. Mwishoni mwa miaka ya 1980 huduma ikaanza kuuzwa jimbo la New Jersey.

Ubishi ukazuka. Mwanamke aliyemkimbia mume mkorofi, akipiga nyumbani kuulizia watoto, si atajulikana alipo? Ndiyo maana ukibonyeza nyota 67 kwanza, namba yako inafichwa. California haikuwa na huduma hii mpaka 1996.

Sasa jina. Hapa Marekani kinachosafiri na simu ni namba tu. Kampuni ya anayepigiwa ndiyo inayokwenda kulitafuta jina kwenye hifadhi ya data, na mwisho ni herufi 15. Mwanaidi Abdallah wetu atatokea ABDALLAH MWANAI, basi!

Maofisini kuna mtambo wa ndani. Mwaka 1999 Mark Spencer alianzisha Asterisk, programu ya bure inayogeuza kompyuta kuwa mtambo wa simu. Katika mitambo ya aina hii fundi huandika orodha: namba hii maabara, ile famasi. Simu ya nje ikiingia, mtambo unaweza kupangwa uangalie kwanza orodha ya ofisi, ukikosa uchukue jina lililoletwa na kampuni ya simu. Kwetu wauguzi ni msaada mkubwa. Nikiona "maabara" najua huenda ni majibu ya hatari. Lakini orodha isiporekebishwa watu wakihama vyumba, kioo kinadanganya. Kwa hiyo bado tunauliza jina, na majibu tunamsomea tena aliyeyatoa.

Jamani, hapa ndipo penye funzo kwenu. Huko nyumbani jina langu linatokea kwa sababu mmeihifadhi namba yangu. Mjanja akiighushi namba hiyo, simu yenu itaandika jina langu vilevile. Marekani ilipitisha sheria dhidi ya ulaghai huu mwaka 2010, na mwaka 2021 kampuni kubwa za simu zikalazimishwa kuzithibitisha namba kwa saini ya kidijitali. Hata hivyo, saini hiyo inahusu namba. Nani ameshika simu, haijui.

Basi "mimi" nikipiga usiku nikilia nataka hela za haraka, kateni, kisha mnipigie wenyewe kwa namba yangu. Sitakasirika hata kidogo.

Msalimieni bibi.