Mkweche

Mkweche ni gari kuukuu lililochoka, na neno lenyewe limejaa dharau. Vijana wa California waliochukua Ford za 1932, wakazivua madigadi na kuzitilia injini kali zaidi, waliona fahari katika uzee wa gari. Sisi tuna neno la kuzomea tu.

Pita barabara ya ziwani kutoka Bujumbura hadi Rumonge, nchi ya mawese. Utakutana na Toyota Probox, gari lililoanza kuundwa 2002 kwa kazi za biashara ndogo Japani, sasa limesheheni watu na mizigo. Usukani uko kulia, na Burundi huendesha kulia. Basi abiria wa mbele ndiye huchungulia kabla ya kulipita lori. Mafundi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili jijini Bujumbura, huyafufua magari kama hayo. Je, gari hilo nalo ni mkweche? Hapana bwana.

Mafundi umeme husema "kusuka mota" wanapozungusha waya upya. Nami kwa gari lililofufuliwa hivyo napendekeza "gari la kusukwa". Mkweche tuliachie lile lililozimika Magara, kwenye barabara hiyo ya ziwani, abiria wameshuka wanasukuma.