Boti Ndogo Ikijaa Maji: Nini Huamua Kama Itaelea au Itazama

Boti ndogo ya injini inapojaa maji mbali na ufukwe, waliomo hubaki na dakika chache za kuamua: kung'ang'ania chombo au kukiacha na kuogelea. Usalama wao hutegemea zaidi jambo lililokwisha kuamuliwa kabla ya safari, nalo ni uwezo wa kuelea uliojengwa ndani ya boti hiyo, pamoja na mahali ulipowekwa.

Chombo huelea pale uzito wa maji kinayoyasukuma unapolingana na uzito wake wote. Boti kavu huelea kwa sababu sehemu kubwa ya ndani yake ni hewa. Maji yakishika nafasi ya hewa hiyo, chombo hutegemea vitu vilivyotumika kukiunda. Mbao nyingi za kuundia mashua ni nyepesi kuliko maji, hivyo mashua ya mbao iliyojaa maji mara nyingi hubaki juu ya maji, ingawa injini na mizigo mizito vinaweza kuizamisha. Faiba, alumini na chuma ni vizito kuliko maji. Boti iliyoundwa kwa vitu hivyo ikijaa maji huzama, isipokuwa ina povu gumu lisilofyonza maji au vyumba vya hewa vilivyozibwa barabara.

Kwa mfano, boti ya faiba yenye uzito wa kilo 400 ikizama kabisa hubakiwa na uzito wa takriban kilo 130 ndani ya maji. Ikijumlishwa na injini ya kupachika ya kilo 80, huhitajika zaidi ya lita 200 za povu ili chombo kisiende chini, kabla hata ya kuhesabu abiria.

Mahali povu lilipo ni muhimu sawa na kiasi chake. Povu lote likiwa chini ya sakafu, boti iliyojaa maji huelekea kupinduka, kwa kuwa sehemu nyepesi hutafuta kupanda juu. Likiwekwa pembeni, karibu na ukingo wa juu, na la kutosha likawekwa tezi kufidia uzito wa injini, boti hubaki imelala sawa. Nchini Marekani, kanuni za serikali huwataka watengenezaji wa boti nyingi zenye urefu wa chini ya futi 20 na injini za kupachika za zaidi ya nguvu farasi 2 kuhakikisha kuwa zinabaki katika hali hiyo hata zikijaa maji.

Hatari huanza kabla boti haijajaa. Sakafu yenye eneo la mita 4 za mraba ikifunikwa na maji ya kina cha sentimita 10, boti imebeba kilo 400 za ziada. Maji hayo hayatulii. Boti ikiinama upande mmoja, nayo hukimbilia huko huko na kuizidisha kuinama. Boti nyingi huingiwa na maji kupitia tezi, ambako ukingo hupunguzwa ili kupachika injini. Nahodha anapopunguza mwendo ghafla, wimbi la nyuma yake linaweza kumfikia na kuingia hapo.

Mmiliki wa boti anashauriwa kukagua kizibo cha tundu la kutolea maji kabla ya kila safari, na kuhakikisha povu halijalowa wala vyumba vya hewa havijatobolewa. Sponji ya godoro haifai, kwani hufyonza maji. Madumu matupu yaliyofungwa vifuniko yanaweza kusaidia yakifungwa kwa kamba imara chini ya mabenchi. Dumu la lita 20 hubeba takriban kilo 19. Hata hivyo, madumu hayachukui nafasi ya ukaguzi wa chombo, ambao kwa Tanzania Bara ni jukumu la Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC).

Maji yakianza kuingia, abiria wavae jaketi okozi mara moja, wakae chini katikati ya chombo na kufua maji kwa ndoo, huku omo ikielekezwa kwenye mawimbi na mizigo mizito ikitupwa. Boti ikijaa lakini ikaendelea kuelea, wasiiache. Mtu aliyemo majini akishikilia ukingo huielemea kidogo sana kuliko aliyekaa juu yake, na boti huonekana kwa waokoaji kwa urahisi kuliko kichwa cha muogeleaji. Ufukwe unaoonekana karibu huwa mbali kwa mtu aliyechoka. Hata boti iliyopinduka ni mahali pa kushikilia hadi msaada ufike. Nchini Tanzania, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.