Karata kali katika nafasi mbaya (poka)

Hali ya mchezaji wa poka kushika karata kubwa, kama jozi ya J au ree na K, huku akilazimika kuamua kabla ya wapinzani wake. Anayecheza mwisho ameshaona wenzake wamefanya nini, anayetangulia hubahatisha. Hata mcheza karata za mtaani Dodoma anaijua tabu ya kutupa karata kubwa mezani wakati wenzake bado hawajacheza.

Mashindano yakielekea ukingoni tabu huzidi, maana madau ya lazima yamepanda na akiba ya chipu imepungua. Chukua mwenye akiba sawa na madau makubwa ya lazima 15. Akipandisha hadi 2.2 na mpinzani mmoja wa nyuma yake akafuata, katikati ya meza, pamoja na madau ya lazima ya walioacha, kuna 5.9 naye amebakiwa na 12.8. Karata tatu za mezani zikifunuliwa, jozi yake ya J itakuta Q, K au ree mara 57 katika kila 100. Hapo kupita bila kuweka dau ni kukaribisha shambulio, kusukuma dau ni kujifunga. Ndiyo maana wengi, kwa haki kabisa, huweka akiba yote mapema.

Lakini karibu na zawadi, chipu inayopotea ina thamani kubwa kuliko inayoongezeka. Hesabu ya thamani hiyo hutegemea kanuni ya David Harville ya 1973, iliyotungwa kwa mbio za farasi.