Vilengeo vya gobore

Vilengeo vya gobore ni vifaa viwili vya kulengea visivyo na lenzi, vinavyofungwa juu ya mtutu wa bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi mdomoni: cha nyuma chenye pengo, cha mbele chenye ncha. Kilengeo cha nyuma husogezwa upande ambao risasi inatakiwa kwenda. Cha mbele husogezwa kinyume. Kwa masafa marefu cha nyuma huinuliwa, kufidia kushuka kwa risasi. Kosa la sentimita 10 kwenye mita 50, vilengeo vikiwa vimeachana sentimita 60, hurekebishwa kwa kusogeza milimita 1.2. Kipimo cha baruti kikibadilika, marekebisho hurudiwa. Bunduki ya Uingereza aina ya Enfield ya 1853 ilikuwa na kilengeo cha nyuma cha ngazi, chenye alama za yadi.