Kozi za walimu mtandaoni: Jinsi ya kupima kama zinatumika kwa urahisi

KAZI ya kujifunza ualimu haiishi siku mtu anapotunukiwa cheti chuoni. Mitaala hubadilika, kama ulivyobadilika mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024, na mwalimu aliyehitimu miaka 20 iliyopita hulazimika kurudi darasani akiwa bado kazini. Kwa ajili hiyo Tanzania ina utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, kwa kifupi MEWAKA. Chini ya utaratibu huo walimu hukutana shuleni kwao katika jumuiya za ujifunzaji, hutumia vituo vya walimu, na hujisomea kwa njia ya intaneti katika mfumo wa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET).

Makala haya yanahusu njia hiyo ya intaneti, na hasa swali ambalo ni nadra kuulizwa pindi kozi inapozinduliwa: je, mwalimu aliyekusudiwa ameonekana kwa macho akiitumia kozi hiyo bila kukwama?

Wataalamu wa kompyuta huita uchunguzi huo upimaji wa urahisi wa matumizi. Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO), katika kiwango chake namba 9241-11 cha mwaka 1998 kilichorekebishwa mwaka 2018, linataja mambo matatu ya kuangaliwa: kama mtumiaji anatimiza lengo lake, anatumia nguvu na muda kiasi gani kulitimiza, na kama anaridhika. Kiwango hicho kinaongeza sharti ambalo waandaaji wengi hulipita haraka. Mambo hayo hupimwa kwa watumiaji mahususi, wenye malengo mahususi, katika mazingira mahususi. Kwa maneno mengine, hakuna kozi iliyo rahisi kwa watu wote na mahali pote. Kozi inayofunguka vizuri Mikocheni, Dar es Salaam, yaliko makao ya TET, haijathibitika bado kwa mwalimu wa Chinongwe.

Chinongwe ni kata ya Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, jirani na Nachingwea, katika nchi ya ufuta na korosho. Tunaichukua hapa kama mfano wa mahali ambapo jaribio la kweli lingefaa kufika. Kifaa anachoweza kuwa nacho mwalimu wa huko ni simu yake mwenyewe, au kishikwambi, kwani vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya zoezi hilo. Muda wake wa kujisomea ni jioni, baada ya vipindi na kazi za nyumbani. Bando hununua kwa fedha yake. Video ya dakika 10 yenye picha safi inaweza kupita megabaiti 100, wakati maelezo yale yale yakiwa maandishi matupu hayafiki hata megabaiti moja. Aliyeandaa video hiyo akiwa ofisini, kwenye intaneti inayolipiwa na mwajiri, hana namna ya kuuhisi uzito huo mpaka amwone mwalimu akiisitisha dakika ya pili.

Jaribio lenyewe halina makuu. Mwalimu mmoja hupewa kifaa cha aina anayoitumia na kazi chache za kweli: ajisajili, aifungue moduli, ajibu maswali, atoke, kisha arudi na kuendelea pale alipoishia. Mwangalizi huketi kando na kuandika. Hasaidii, hadokezi, wala haonyeshi kitufe kilipo. Mwalimu huombwa aseme kwa sauti kila anachowaza anapotenda, mbinu ambayo Clayton Lewis wa kampuni ya IBM aliieneza kuanzia mwaka 1982. Kinachotafutwa ni pale kidole kinapositasita.

Hapa ndipo penye ugumu ambao vitabu vya nje havielezi vya kutosha. Katika shule zetu, mgeni mwenye kalamu na daftari ni mkaguzi. Akifuatana na Afisa Elimu Kata, mambo huharibika zaidi. Mwalimu atasema kozi ni nzuri sana na anawashukuru walioiandaa. Atasema hivyo kwa heshima, hata kama dakika tano zilizopita alishindwa kuingia, na kukwama kwake atakuita ushamba wake mwenyewe. Mwangalizi akirudi mjini na shukrani hizo, amerudi mikono mitupu.

Dawa yake ni kwanza kumweleza mwalimu bayana kwamba inayofanya mtihani ni kozi, na kwamba jina lake halitaandikwa popote. Pili, viongozi wake wabaki nje ya chumba. Tatu, ambayo kwa maoni ya mwandishi ndiyo inayofaa zaidi mazingira yetu, walimu wawili waketishwe pamoja mbele ya kifaa kimoja. Mtu akiambiwa aongee peke yake mbele ya mgeni huona haya, lakini wawili watabishana wenyewe: "Bonyeza hapo." "Hapo nimeshabonyeza, hapafunguki." Mbinu hiyo inajulikana na kukubalika katika fani hii, na tena inaendana na jumuiya za ujifunzaji ambamo walimu wamekwisha kuzoea kusoma pamoja.

Maneno ya kwenye kioo nayo hupimwa. Kozi kuwa ya Kiswahili hakutoshi. Mwandaaji mmoja ataandika "nywila", mwingine "nenosiri", na mwalimu aliyezoea kusema "paswedi" atasimama kidogo mbele ya yote mawili. Neno "wasilisha" kwa mmoja ni kutuma majibu, kwa mwingine ni kusimama mbele ya wenzake na kueleza mada. Kubishana ofisini ni neno lipi sanifu hakusaidii sana. Watazameni watu sita wakilisoma na jibu litapatikana kabla ya chai.

Kuhusu idadi ya watu wa kuwapima, ushauri unaonukuliwa mno ni wa Jakob Nielsen, aliyeandika mwaka 2000 kwamba watumiaji 5 hufichua takriban asilimia 85 ya kasoro. Hesabu hiyo inadhani kila mtumiaji hugundua asilimia 31 ya kasoro zote. Mwaka uliofuata Jared Spool na Will Schroeder walipima watumiaji 49 kwenye tovuti za biashara na kukuta kwamba watu 5 wa kwanza walifichua asilimia 35 tu. Kwa kozi ya walimu, jambo la busara ni kupima watu watano, kurekebisha, kisha kupima watano wengine mahali pengine. Watano wote wakitoka shule moja ya mjini, hata wakiwa hamsini hawatasema lolote juu ya Chinongwe.

Baada ya kazi, mwalimu anaweza kujaza dodoso fupi. Linalotumika zaidi duniani lilitungwa na John Brooke mwaka 1986 na lina kauli 10, kila moja ikijibiwa kwa alama 1 hadi 5. Kauli za namba witiri hupunguzwa 1, za namba shufwa hutolewa kutoka 5, jumla yake huzidishwa kwa 2.5, na matokeo huwa kati ya 0 na 100. Wastani wa kawaida ni 68. Alama hizo zisisomwe kama asilimia, na kwa sababu ya ile adabu iliyotajwa hapo juu, alama 80 pamoja na walimu watatu walioshindwa kujisajili ni habari mbaya.

Kwa nini yote haya yawe na uzito? Mfumo wa mtandaoni hutunza kumbukumbu. Mwalimu asiyemaliza moduli huonekana kwenye orodha kuwa hajakamilisha, basi. Orodha haisemi kwamba maswali yalifutika mtandao ulipokatika kwenye swali la tisa, wala kwamba kitufe cha kuendelea kilifunikwa na kibodi ya simu ndogo. Anayeisoma orodha wilayani ataona uvivu, na kasoro ya mtengenezaji itakuwa imehamia kwenye jalada la mwalimu.

Wakazi wa Nachingwea wana kumbukumbu yao ya mpango uliopimwa ukiwa umekwisha kuanza. Mpango wa karanga wa Waingereza, uliobuniwa baada ya ujumbe wa John Wakefield kuzunguka nchi kwa wiki 9 tu mwaka 1946, uliingia Kongwa, Urambo na Nachingwea kwa matrekta na reli kabla ya mashamba ya majaribio kutoa majibu. Ulivunjwa mwaka 1951, na reli ya kutoka Mtwara nayo iling'olewa miaka ya 1960. Kozi ya mtandaoni ni kitu kidogo kulinganisha na reli, lakini nayo ikishasambazwa kwa maelfu ya walimu, kurekebisha ukurasa wa kwanza tu hudai mafunzo mapya kwa wote waliokwisha kukariri ule wa zamani.

Kuhusu majira, jaribio la kwanza laweza kufanywa wakati wowote shule zikiwa wazi, isipokuwa Septemba, mwezi wa mtihani wa darasa la saba. La pili lifanywe wakati wa mvua, kati ya Januari na Machi, mawingu yanapopunguza nguvu ya umeme wa jua kwa wanaoutegemea. Mwangalizi asije na kifaa kilichojaa chaji kutoka mjini. Atumie cha mwalimu, kwa kiasi cha chaji kitakachokutwa nacho.