Foto za treni na matawi ya reli ya Uingereza: namna raia walilinda kumbukumbu ya njia zilizofungwa

Kule Uingereza, kila kukicha kuko watu wenye kusimama juu ya daraja ao pembeni ya shamba, apareyi ya foto mkononi, wanangojea treni ipite. Hawana safari yoyote. Treni ikipita, wanapiga foto moja ao mbili, wanaandika saa na namba ya mashini, kiisha wanarudi nyumbani. Mpita njia anaweza kusema ni mchezo wa watu wasiokuwa na kazi. Lakini mambo mengi yanayojulikana leo juu ya reli ndogo za nchi ile, zile zenye zilifungwa na vyuma vyake kung'olewa, yanatoka kwenye foto za raia kama hao.

TAWI LA RELI NI NINI?

Reli ya Stockton na Darlington, ya kwanza ya watu wote yenye kutumia mashini ya moshi, ilifunguliwa tarehe 27 Septemba 1825. Miaka 5 nyuma, tarehe 15 Septemba 1830, ikafunguliwa ile ya Liverpool na Manchester. Kutoka hapo makampuni mengi ya watu binafsi yakajenga kila upande. Njia kubwa ziliunganisha miji mikubwa. Matawi yalikuwa njia fupi, mara nyingi zenye reli moja tu, zilizoachana na njia kubwa kwenye kituo cha makutano na kuenda mpaka kijijini, kwenye bandari ndogo ao kwenye machimbo.

Treni ya tawi ilikuwa na behewa moja ao mawili. Ilibeba maziwa ya wafugaji, makaa ya mawe, barua, watoto wa shule na wamama wenye kuenda sokoni. Mfano wenye ungali hai ni tawi la St Ives, jimboni Cornwall. Linatoka St Erth mpaka St Ives, karibu kilometa 7 pembeni ya bahari, na lilifunguliwa mwaka 1877. Wapiga foto wanalipenda sana juu treni na bahari vinaingia pamoja ndani ya foto moja.

MIAKA YA VIOO

Wapiga foto wa kwanza walibeba mzigo mzito: sanduku la apareyi, miguu 3 ya mbao, na vioo vilivyopakwa dawa, maana filimu ya kukunja ilikuwa bado. Dawa ile ilipokea mwanga polepole. Treni ikitembea, foto inatoka na ukungu. Ndiyo maana foto nyingi za zamani zinaonyesha mashini imesimama, dereva na mwenye kutia makaa wamenyooka kama watu wenye kungojea hukumu.

Mmoja kati ya wale wa zamani alikuwa A. H. Malan, mtumishi wa kanisa la Anglikana. Katika miaka ya 1880 na 1890 alipiga foto za treni za kampuni ya Great Western kusini-magharibi ya nchi. Kampuni ile ilikuwa na reli pana kuliko zote, mita 2 na sentimeta 14, wakati wengine walitumia mita 1 na sentimeta 43.5. Mwezi wa 5 mwaka 1892, maelfu ya wafanyakazi walibadilisha sehemu ya mwisho kwa siku chache tu, na reli pana ikakufa. Bila foto za wakati ule, leo ingebaki michoro na maneno ya vitabu peke yake.

NAMBA, VITA NA VIJANA

Kisha vita kuu ya kwanza, apareyi zikakuwa nyepesi na filimu zikakuwa za haraka. H. C. Casserley alianza katika miaka ya 1920, akazunguka nchi akitafuta mashini za zamani na matawi yenye watu wengine hawakuyajali. Desturi ya wakati ule ilikuwa moja: jua likuwe mgongoni mwa mpiga foto, na mashini ionekane mbele na ubavu mmoja, safi, kila namba isomeke.

Vita ya pili ilileta shida. Filimu zilikuwa chache, na mtu mwenye kusimama karibu na reli na apareyi aliweza kushukiwa kuwa mpelelezi. Lakini ni ndani ya vita, mwaka 1942, kijana mmoja mfanyakazi wa reli, Ian Allan, alitoa kitabu kidogo chenye orodha ya namba za mashini za kampuni ya Southern. Kikauzwa haraka. Vijana wengi wakaanza kukusanya namba, na wengi wao baadaye wakashika apareyi. Ian Allan aliunda pia klabu ya vijana hao, na mwanachama alipaswa kuahidi kwamba hataingia kwenye reli bila ruhusa.

RIPOTI YA BEECHING

Tarehe 1 Januari 1948 serkali ilichukua karibu reli zote na kuunda British Railways. Miaka ya 1950 magari na malori yakaongezeka, na reli ikaanza kupoteza feza. Tarehe 27 Machi 1963, mkubwa wa reli, Daktari Richard Beeching, alitoa ripoti yake. Alipendekeza kufunga vituo zaidi ya 2,300 na karibu kilometa 8,000 za njia. Matawi ndiyo yaliumia zaidi.

Hesabu ya ripoti ile ilibishaniwa sana. Abiria walihesabiwa kwa juma moja la mwezi wa 4 mwaka 1961. Tena, kituo kilipimwa kwa feza ya tiketi zilizouzwa pale pale. Watu wa miji ya pwani walilalamika: wageni wanakuja kwa wingi wakati wa joto, hapana mwezi wa 4, na tiketi ya kuenda na kurudi wanainunua kwao. Kwenye karatasi, kituo kinaonekana kama hakina kazi.

Si kila pendekezo lilitimizwa. Tawi la St Ives lilikuwa kwenye orodha, likaokolewa. Lakini maelfu ya kilometa yalifungwa, na vijiji vingi vikabaki na basi tu, na mara nyingine hata basi hakuna.

MBIO ZA KUPIGA FOTO MBELE YA MWISHO

Kuanzia hapo, kupiga foto kulibadilika kuwa mbio. Watu walijua njia fulani itafungwa tarehe fulani, wakaenda kupiga treni ya mwisho na wale waliokuja kuiaga.

Ivo Peters, mkaaji wa mji wa Bath, alifuata kwa miaka mingi njia moja: Somerset na Dorset, yenye kutoka Bath mpaka Bournemouth, karibu kilometa 115 kupitia vilima. Alikuwa na gari la Bentley, na mara nyingi aliikimbiza treni kwa barabara ili aipige tena mbele zaidi. Njia ilifungwa mwezi wa 3 mwaka 1966. Leo sehemu yake karibu na Bath ni njia ya baiskeli na ya miguu, inayopita ndani ya mashimo mawili ya zamani ya treni. Mtu mwenye kutaka kujua ile njia ilikuwa namna gani siku za kazi, anatafuta foto za Peters.

Eric Treacy alikuwa askofu wa Wakefield. Alizoeana na madereva wa treni sawa vile alizoeana na waumini. Walimjua kwa sura, na foto zake zinaonyesha kwamba aliwaheshimu. Alikufa tarehe 13 Mei 1978 kwenye kituo cha Appleby, pale alipokwenda kuona treni ya moshi ikipita. Mkusanyiko wake umelindwa na makumbusho ya taifa ya reli, mjini York.

Colin Gifford alivunja desturi ya jua mgongoni. Alipiga treni ndani ya ukungu, nyuma ya nyumba za wafanyakazi, pamoja na nguo zenye kuanikwa na watoto wenye kucheza. Kitabu chake cha mwaka 1965 kiliwafundisha wengi kwamba foto ya treni inaweza kuwa pia foto ya maisha ya watu.

Tarehe 11 Agosti 1968, treni ya mwisho ya moshi ya British Railways ilitembea kutoka Liverpool mpaka Carlisle na kurudi. Pembeni ya njia watu walikuwa wamejaa na apareyi.

FOTO ZILISAIDIA NINI?

Ukweli usemwe: foto haikuzuia njia kufungwa. Foto za Peters hazikuokoa Somerset na Dorset. Kazi yake ilionekana nyuma.

Mwaka 1951, raia wa kujitolea walichukua reli ya Talyllyn, kule Wales, na kuiendesha wenyewe. Ilikuwa ya kwanza duniani kuokolewa namna ile. Mwaka 1960 ikafuata Bluebell, kusini ya London. Wengine walinunua mashini kwenye uwanja wa chuma chakavu wa Barry, Wales ya kusini. Kati ya mashini 297 zilizopelekwa pale kukatwa, 213 ziliokolewa. Nyingi zilikuwa zimekula kutu na kuibiwa vyombo. Wenye kuzitengeneza walitumia foto za zamani kujua rangi, mahali pa taa, umbo la kibao cha kituo, hata namna mlango wa chumba cha kungojea ulivyofungwa.

Kwenye njia ya Settle na Carlisle, yenye daraja la Ribblehead la matao 24, reli ilitaka kufunga katika miaka ya 1980. Foto za lile daraja ndani ya milima zilijulikana nchi nzima, na pingamizi zaidi ya 22,000 ziliandikwa. Moja ilikuwa na alama ya mguu wa mbwa aitwaye Ruswarp, mwenye kusafiri na tiketi yake. Mwezi wa 4 mwaka 1989 serkali ilikataa kufunga. Leo mbwa yule ana sanamu kwenye kituo cha Garsdale.

Kuko pia njia zilizofufuka. Ile ya Edinburgh kuelekea kusini ilifungwa mwezi wa 1 mwaka 1969. Sehemu yake mpaka Tweedbank ilifunguliwa tena mwezi wa 9 mwaka 2015, miaka 46 nyuma.

KILE FOTO HAZIONYESHI

Mkusanyiko huu una upungufu wake. Foto nyingi ni za mashini, chache ni za watu. Wenye kusafisha mashini usiku, wamama waliobeba mizigo vituoni wakati wa vita, wenye kutengeneza njia ndani ya mvua, hao wanaonekana kidogo tu, mara nyingi kwa bahati. Na foto isiyoandikwa tarehe wala mahali inasumbua: watafiti wanapoteza masaa wakilinganisha kilima, nguzo na namba ili wajue ni wapi.

SHERIA NA HATARI SIKU YA LEO

Leo mtu anaruhusiwa kupiga foto kwenye vituo vingi vya Uingereza kwa matumizi yake mwenyewe, lakini kuna masharti. Asivuke mstari wa njano. Asitumie flashi, maana inaweza kumpofusha dereva. Asivae koti lenye kung'aa kama la wafanyakazi, juu dereva anaweza kumchanganya nao.

Kuingia kwenye reli ni kosa lenye faini mpaka pauni 1,000. Tena ni kifo. Kusini ya nchi, pembeni ya reli mbili kuko reli ya tatu yenye umeme wa volti 750. Kuikanyaga kunatosha kuua. Njia nyingine zina waya wa juu wa volti 25,000. Mwezi wa 2 mwaka 2016, mashini maarufu Flying Scotsman, iliyojengwa mwaka 1923, ilipotoka London kuenda York, ililazimika kusimama njiani juu watu walikuwa wameingia kwenye reli kuipiga foto. Wale waliosema wanaipenda treni ndio waliisimamisha.

MASHINI ZA MANCHESTER KARIBU NA CONGO

Hadithi hii inagusa pia mipaka ya Congo. Kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester ilijenga mashini kubwa zinazoitwa Garratt, zenye kujikunja katikati ili zipite kwenye kona kali. Zilifanya kazi kwenye reli za Kenya na Uganda, ambako njia ilifika Kasese mwaka 1956, mbali kidogo tu na mpaka wa Kasindi. Zilifanya kazi pia kwenye reli ya Benguela, Angola, iliyojengwa na Mskoti Robert Williams ili kutoa shaba ya Katanga mpaka bandari ya Lobito. Kule zilichoma kuni za mikaliptusi. Treni za moshi zilipoisha Uingereza, wapiga foto wengi walifunga mizigo wakaja Afrika kufuata mashini hizo.

NAMNA YA KULINDA FOTO YA ZAMANI

Wazoefu wa kazi hii wanakubaliana juu ya mambo machache. Nyuma ya foto iandikwe kwa kalamu ya risasi, polepole: mahali, tarehe ao hata mwaka tu, namba ya mashini, na majina ya watu wenye kuonekana. Foto iwekwe mbali na jua na unyevu. Ipigwe kopi, na kopi ikae nyumba nyingine. Na mzee mwenye kujua wale watu aulizwe angali hai. Mashini inaweza kutambulika kwa namba yake miaka 100 nyuma. Mtu aliyesimama pembeni yake hana namba. Jina lake likikosa kuandikwa, limepotea.