Tarehe ya Mafundi Cherehani wa Ndosho

Hii ni tarehe ya washonaji wa Ndosho, mtaa wa komini ya Karisimbi ulioko magharibi ya mji wa Goma kandokando ya njia iendayo Sake. Nayo imeandikwa kwa kuwa iko daawa ya siku nyingi baina ya wenye viwanda vya nguo na wenye cherehani, kila upande ukidai kwamba ndio ulioivika nchi hii ya Kongo, na haki ya mafundi haijapata kunenwa ipasavyo.

Hoja ya wenye viwanda imechapwa katika ukingo wa kitambaa. Kunjua kikwembe cha yadi sita mezani pa fundi, na ukingoni utasoma jina la Vlisco, nyumba iliyoasisiwa na Pieter Fentener van Vlissingen mjini Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, ambayo iliiga ufundi wa nta na rangi wa watu wa Java, ikaugeuza kuwa kazi ya mashine, kisha ikapata wateja wake wakubwa si Java bali Afrika. Hitarget ya China nayo huweka jina lake papo hapo. Viwanda vya nchini, Utexléo ya Léopoldville, Filtisaf ya Albertville na Sotexki ya Kisangani, vilikuwako pia. Lakini ukingo huo ndio fundi aukatao kwa mkasi au kuufukia ndani ya pindo, isipokuwa bibi mwenyewe akitaka uonekane ili majirani wajue asili ya nguo yake. Na jina la aliyepima, akakata, akashona, akapiga pasi ya makaa hata mshono ukalala, halipo popote.

Silsila ya mafundi, kwa kauli ya wazee wa kazi, yaanzia barazani mwa maduka ya Wahindi na Wagiriki katika zama za Wabelgiji: mteja akinunua kitambaa ndani, akitoka nje humkuta fundi na Singer yake. Mwanafunzi aliketi chini, akitunza makaa ya pasi, akitia vifungo, akipiga pindo, na hakugusa mkasi mpaka mwalimu wake aridhike na mkono wake. Kwa njia hiyo elimu ilishuka kutoka hirimu hata hirimu pasipo cheti. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitwaliwe na raia, maduka yakapata wenyewe wapya, na mengi rafu zake zikabaki tupu. Fundi aliyekuwa na cherehani yake aliihamisha tu, akaendelea.

Hapa sina budi kusimama kidogo kwa ajili ya abakosti, kwani ndiyo kiini cha ugomvi. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 suti na tai zilikatazwa, na kila mkubwa na kila karani alipaswa kuvaa koti lisilo tai. Wasimulizi wa Kinshasa wakilitaja vazi hilo huitukuza Arzoni, kiwanda cha Alfons Mertens kilichokuwa Zellik, karibu na Brussels, ambako abakosti za fahari zilishonwa. Ni ajabu iliyoje, vazi la kukataa desturi za Ulaya kushonwa Ubelgiji! Walakini mwalimu wa shule ya msingi wa Kivu hakuagiza koti Zellik. Alikwenda kwa fundi wa jirani, akapimwa mabega, na koti lake likadumu miaka. Kwa hiyo nasema pasipo shaka kwamba abakosti ya taifa ilikuwa ya mafundi wa mitaani, na ya Arzoni ilikuwa ya wachache. Hata amri ya vazi hilo ilipoondolewa tarehe 24 Aprili 1990, mikono ile ile ndiyo iliyorudia kukata suti.

Siku ya tarehe 17 Januari 2002 volkeno ya Nyiragongo ilipopasuka, mto wa moto ulipita katikati ya Goma mpaka ziwani, na watu wapatao 120,000 wakakosa makazi. Wazee husimulia kwamba mafundi walikifungua kichwa cha cherehani kutoka mezani pake, wakakitwika, wakavuka nacho mpaka Gisenyi, wakiacha magodoro na masufuria. Na aliyeokoa kichwa alikuwa na mkate kabla ya aliyeokoa nyumba. Baadaye mji ukazidi kupanuka kuelekea magharibi, na cherehani zikapanuka pamoja nao.

Kazi ya Ndosho ina misimu yake: Septemba ni sare za shule, shati jeupe na buluu ya chini, na kabla ya tarehe 8 Machi ni vikwembe vya akina mama, ambapo fundi hukesha. Mwaka 2025, vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari, hospitali ya CBCA Ndosho ilijaa majeruhi, benki zikafungwa, na fedha taslimu zikaadimika. Mteja akalipa nusu siku ya kupimwa, na nusu alipoipata. Silsila nayo imepokea watu wapya: vijana wanaofundishwa ushonaji katika kituo cha Don Bosco Ngangi, na wanawake waliotibiwa katika hospitali ya HEAL Africa wakafundishwa cherehani huko huko, ambao wazee wengine hawajakubali bado kuwaita mafundi, ilhali mikono yao inafanya kazi ile ile.